Ruba wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Sehemu ya Sita

Mwanamke yule alitokea kwenye mvua, tope likiwa limempanda hadi magotini, mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani kama kichanga. Hakuna aliyekuwa akimtarajia. Barabara ya kwenda mji wa Ponce ilikuwa imezibwa na maporomoko siku ya nne sasa, na hatukuwa tumeona sura ngeni tangu hapo.

"Ndiyo hapa kwa watu wa umeme wa jua?" aliuliza mlangoni.

"Ndiyo hapa. Ingia ndani, utaugua."

"Sina nafasi ya kuugua. Natafuta nyumba ya Doña Eufemia Maldonado."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, nakiri, kwa sababu nimeahidi kuwaambieni kila kitu.

"Kumbe unamtafuta Ruba!"

"Namtafuta nani?"

Kabla sijaendelea, wewe ambaye hukusoma wiki zilizopita ujue haya. Mimi ni Zoraida Collazo. Nilimaliza uhandisi, nikaacha kazi niliyopewa Florida, nikarudi kwetu Monte Jobo, kwenye milima ya kahawa ya Puerto Rico. Nilizunguka mlango kwa mlango mwaka mzima mpaka nyumba ishirini na mbili zikafunga paneli za jua mapaani na betri ukutani. Tukaziunganisha kwa waya wetu wenyewe. Kila mtu akawa anaona kwenye simu jua limempa nini leo, ametumia nini, na amemgawia jirani gani. Niliwaambia hatutakuwa tena watu wa kukaa gizani tukingoja mkubwa fulani mjini abonyeze swichi. Niliamini hivyo. Naamini hata sasa, baada ya yote.

Kisha mwanzoni mwa Desemba umeme wa kisiwa kizima ukakatika, na mvua ikaja ikakaa. Jua likawa la kuombwa. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Kila asubuhi niliandika kwenye ubao wa shule ya zamani, ambayo ndiyo ofisi yetu, jina la kila nyumba na kiasi ilichotumia. Nilidhani watu wakiona watahurumiana. Kumbe watu wakiona, wanaangalia wa juu ni nani.

Wa juu alikuwa Doña Eufemia wa namba kumi na nne. Kila siku. Kwenye simu, mstari wa matumizi yake haukupanda wala kushuka, asubuhi, mchana, usiku. Mjane anayeishi peke yake, na anatuzidi sisi wenye watoto wanne! Chago, fundi wetu wa mapaa, akachora ruba kwa chaki kando ya jina lake. Mimi ndiye niliyeshika kifutio. Sikufuta. Nilimwongezea yule ruba tumbo.

Sasa huyu mgeni alikuwa amesimama mbele ya ubao huohuo, maji yanamchuruzika, anamtazama ruba.

"Mimi naitwa Ivelisse," alisema. "Ni nesi wa wagonjwa wa majumbani. Gari nimeliacha ng'ambo ya maporomoko. Nimemletea Rigo chujio la mashine na mirija ya pua."

"Umemletea nani?"

"Rigo. Mwanawe." Akaniona uso. "Nimesema kitu?"

Alikuwa amesema jina ambalo halitamkwi Monte Jobo.

Mwaka wa kile kimbunga kikubwa, shule hii ilikuwa mahali pa kukimbilia. Wagonjwa watatu wa mashine za oksijeni waliletwa humu kwa sababu palikuwa na jenereta. Rigo alikuwa mlinzi, na ufunguo wa banda la jenereta ulikuwa wake. Asubuhi ya pili tulikuta banda liko wazi, jenereta hakuna, mafuta hakuna, Rigo hakuna. Ilipofika saa sita mchana wagonjwa wote watatu walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa mke wa Don Heriberto mwenye duka. Mmoja alikuwa Doña Prudencia, bibi yangu. Alifia mikononi mwa mama yangu, na mimi nikimpepea kwa kifuniko cha boksi.

Rigo alionekana mara moja tu baada ya hapo, kwenye kituo cha mafuta mjini. Wanaume wa Monte Jobo wakamvunja mkono. Don Heriberto aliwanunulia kahawa wote.

"Huyo Rigo yupo?" nilimuuliza nesi. "Yupo hapa juu?"

"Wiki ya tatu sasa. Mapafu yamekwisha. Hospitali imemruhusu aje kufia kwao. Dada, kama sikutakiwa kusema..."

"Hapana. Twende, nitakuonyesha njia."

Natamani niseme nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kumwona.

Doña Eufemia alifungua mlango kiasi cha kupitisha uso. Alipomwona nesi, uso ukamng'aa. Aliponiona mimi, mwanga ukamtoka.

"Huyu umemleta wa nini?"

"Alikuwa ananionyesha njia, Mama."

"Njia ya hapa inajulikana. Huyu amekuja kuhesabu."

"Nimekuja kumsalimu Rigo," nilisema.

Kikongwe yule alishika fremu ya mlango. Hakulia. Alisogea pembeni, akasema polepole, "Basi ingia, mwanangu. Futa miguu."

Rigo alikuwa kwenye chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa kwa mablanketi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mkubwa. Nilimkuta mtu aliyebaki pua na magoti. Kando yake, juu ya kigoda, mashine ilikuwa ikipuliza na kuvuta, ikipuliza na kuvuta. Nikaelewa ule mstari wangu usiopanda wala kushuka. Ilikuwa pumzi yake.

"Wewe ni mtoto wa Migdalia," alisema.

"Mjukuu wa Prudencia."

"Najua. Una pua yake."

"Kwa nini, Rigo?"

Alikusanya hewa kwanza. "Nilitaka kuondoka kisiwani. Jenereta ilitosha tiketi."

"Na wagonjwa?"

"Ningekwambia nilidhani watahamishwa. Nimewaambia wengi hivyo." Akavuta tena. "Sikuwafikiria kabisa. Ndiyo kweli yake."

"Unataka nikusamehe?"

"Nataka usogee. Unanizibia hewa."

Akacheka mwenyewe, kicheko kikamgeuka kikohozi, kikohozi kikamkunja kama karatasi. Nesi alimwinua, akambadilishia mirija, kisha akatoka na Doña Eufemia kwenda jikoni kuosha chujio la akiba.

Tukabaki wawili.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Kama mratibu, niliweza kufunga umeme wa nyumba yoyote Monte Jobo. Tuliweka uwezo huo kwa ajili ya radi na moto. Nilifungua orodha. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne.

Nilibonyeza.

Sijawahi kumwambia mtu haya. Nawaambia ninyi.

Mashine ilinyamaza, halafu ikaanza kupiga mluzi mrefu wa kuomba msaada. Rigo alitazama simu, akanitazama mimi. Alielewa. Hakuita mtu. Alifumba macho kama anayesubiri sindano.

Nilihesabu. Nilifika kumi na moja. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na mimi bado nilikuwa nahesabu.

Kilichonisimamisha ni sahani iliyovunjika jikoni na miguu mitupu iliyokuja mbio sakafuni. "Mwanangu! Mwanangu!" Sauti hiyo niliijua. Mama yangu alilia hivyohivyo shuleni, ila yeye aliita "Mama."

Nilibonyeza tena. Mashine ikaamka.

Doña Eufemia aliingia, akaona mashine inafanya kazi, akaona simu mkononi mwangu. Akadhani ni mawingu yaliyozima na mimi niliyewasha. Alinishika mikono yote miwili akaibusu, huku na huku, vidole vilevile.

"Umeurudisha! Mungu akuweke, mwanangu. Umeurudisha."

Rigo alinitazama juu ya bega la mama yake. Hakunisema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hisani au dharau.

"Anahitaji mitungi ya oksijeni," nilimwambia nesi, sauti yangu ikiwa ya mtu mwingine.

"Mitungi imekwisha Ponce nzima. Kisiwa kizima kiko gizani, dada, kila hospitali inaililia. Na kumbeba kwenye yale maporomoko ni kumzika njiani. Hiyo mashine ndiyo kila kitu."

"Siku ngapi?"

"Nne. Tano akiwa mkaidi."

Doña Eufemia hakuwa ameniachia mikono. "Binti yake Rigo anakuja kutoka Hartford, Marekani. Noelia. Amepata kiti cha ndege Jumamosi. Baba yake alimwacha ana miaka tisa. Leo Jumatano. Zoraida, sikuombi umpende. Naomba mawili tu. Usiwaambie ni nani. Na isizimike mpaka Jumamosi."

Kama ningekuja na mikono safi, pengine ningekataa. Ningesema hayo ni mambo ya kikao. Lakini mate yake yalikuwa bado mabichi kwenye vidole vyangu.

"Nimekuahidi," nilisema.

Kikao kilikuwa saa tisa alasiri siku hiyohiyo.

Shule ilijaa. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunapaza sauti. Betri zote za Monte Jobo kwa pamoja zilikuwa zimebaki asilimia thelathini na moja. Doña Eufemia alikaa kiti cha nyuma, koti la mvua hakulivua, na viti viwili kila upande wake vilikuwa vitupu.

Don Heriberto, mwenyekiti, aligonga meza kwa kopo la maziwa.

"Jamani, hatuna haja ya maneno mengi. Ubao unasema wenyewe. Doña Eufemia, kwa heshima zote, una nini mle ndani?"

"Nina nyumba yangu."

"Nyumba ni yako. Umeme ni wetu."

"Mjane mmoja!" Chago alirukia. "Anafuga nini, pengwini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Labda ana mchumba wa kizungu, hawezi joto!"

"Wakati huu wa baridi? Labda ndiye anayempasha!"

Mama yangu naye alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Mama yangu si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na kucheka na wengine kunapumzisha.

"Tufungulie mlango tuone," Don Heriberto alisema. "Watu wawili tu waingie, waangalie, yaishe."

"Hapana."

"Basi kuna cha kufichwa."

"Ndiyo," alisema Doña Eufemia. "Kipo."

Chago akaenda nyuma, akamwekea mshumaa mapajani, taratibu, kama anayempa mtoto peremende. "Krismasi njema, Doña."

Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote.

Nilisimama mbele ya ubao nilioubuni mwenyewe, chini ya ruba niliyemnenepesha mwenyewe, nikatafuta sauti. Wakapiga kura kabla sijaipata. Kumi na sita kwa tatu: namba kumi na nne isipate kitu kutoka kwenye waya wa pamoja. Betri yake mwenyewe ilikuwa na asilimia tisa. Nilifanya hesabu kichwani bila kutaka. Kabla ya chakula cha jioni ingekuwa imekwisha.

"Zoraida, mwanangu," alisema Don Heriberto kwa upole, "mtoe."

"Nitamtoa," nilisema. "Lakini ipo kanuni ya nne."

"Ipi hiyo?"

"Mwenye paa ndiye bwana wa betri yake. Ana haki ya kumpa amtakaye, na hakuna kikao kitakachomzuia."

Uso wake ukakakamaa. Kanuni hiyo niliiandika kwa sababu yake. Wiki tatu alikataa kujiunga akihofia kikao kitakuja kumnyang'anya betri yake kubwa kuwagawia wanyonge. Kila mmoja mle chumbani alikumbuka.

"Na nani huyo atakayempa?" aliuliza. "Anyooshe mkono, jamani, anayetaka kukaa giza kwa ajili ya Ruba."

"Namba sita."

Mama yangu aliacha kucheka. Alisimama polepole, mkoba ukamwanguka.

"Namba sita ni kwangu."

"Paa limeandikwa jina langu, Mama."

Na kweli lilikuwa jina langu. Siku ya kujiandikisha alinisukumia karatasi akasema, andika lako, mimi simu zenu hizi sizijui, nakuamini wewe. Alisema hivyo mbele ya majirani hawahawa.

"Friza, Zoraida."

"Najua."

"Unajua?"

Nilijua. Mama yangu anaishi kwa kuuza pasteles, chakula cha Krismasi. Tangu Oktoba alikuwa ameparuza ndizi mbichi mpaka vidole vikachanika, akapika nyama ya nguruwe, akakunja kila kimoja kwenye jani la mgomba na kukifunga uzi. Mia tatu na arobaini. Kila meza ya Krismasi kuanzia hapa mpaka mjini ilikuwa imeagiza kwake, na zote zilikuwa zimeganda kwenye friza ile. Kwa mawingu haya, betri yetu ingebeba friza, au ingebeba mashine moja. Isingebeba vyote viwili.

"Basi niambie kwa nini," alisema. "Una sababu. Nakujua, huwezi kukosa sababu. Niambie."

"Siwezi."

"Nisogelee, ninong'oneze."

"Siwezi, Mama."

"Mimi mama yako?"

Niliinama kumwokotea mkoba.

"Wanagawana!" Chago alipiga kelele. "Mhandisi na Ruba wanagawana! Mchana mnamwona anaandika ubaoni, kumbe ndiye mwenye kuchota!"

Nilisubiri mtu amkemee. Mwaka mzima nilikuwa nimekunywa kahawa kwenye majiko yao, nimepanda mapaa yao, nimewafundisha wazee wao kubonyeza simu kidole kwa kidole. Don Heriberto alininyooshea mkono.

"Funguo za ofisi."

Nilimpa. Pale pale wakaniondoa kwenye uratibu, na uwezo wa kugusa nyumba za watu ukahamia simu yake. Nilibakiwa na betri moja tu, ya kwetu. Chago alichukua chaki akachora ruba wa pili, mdogo, kando ya namba sita. Ndivyo watoto wa shule walivyozoea kuchorana.

Mama alimtazama yule ruba muda mrefu. Kisha akaniona nikibonyeza kuipa namba kumi na nne betri yetu.

Alhamisi hakusema nami neno. Alikunja nguo, alifagia, alipita kando yangu kama upepo. Friza aliifunga kwa mablanketi mawili na godoro la kitanda chake, akakaza kwa kamba. Kila baada ya muda aliweka kiganja juu ya godoro kama anayepima homa. Mara mbili niliona kidole chake kinaelekea kwenye swichi ya friza, nikajua kwamba akiiwasha sitakuwa na moyo wa kumzuia. Hakuiwasha. Alikuwa anangoja niiwashe mimi.

Simu yangu haikuacha kulia kwa jumbe. Asante mwizi. Lini mnagawana faida? Mwambie mama yako nafuta oda. Hizo ndizo zilizokuwa za adabu.

Ijumaa asubuhi maji yalitokeza chini ya godoro. Yalikuwa mekundu ya mafuta ya kupikia nyama, na yalitambaa sakafuni mpaka kwenye miguu yake.

Alifungua. Aliminya kimoja, kikabonyea. Aliminya kingine. Alifika cha nne, akaacha.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akaniambia neno.

"Washa gesi. Sufuria zote."

"Mama..."

"Zichemke kabla hazijachacha. Halafu uzigawe."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Nyumba zote."

"Hata kwa waliotutukana?"

"Nimesema nyumba zote! Sitatupa chakula mimi. Sijalelewa hivyo."

Tukachemsha mpaka madirisha yakawa meupe kwa mvuke. Nikabeba. Na hapa ndipo niliposhangaa, kwa sababu nilidhani mtu hawezi kuchukua chakula cha mtu na kumdharau kwa wakati mmoja. Wanaweza. Mlango wa Chago alifungua yeye mwenyewe, akachagua sita, akazinusa.

"Asante, ruba mdogo," akasema, akafunga.

Don Heriberto alipokelea dirishani. "Zina zabibu? Mimi za zabibu sili."

"Hazina."

"Haya. Mwambie Migdalia namsikitikia. Kulea ni bahati."

Niliporudi kuchukua za nyumba ya mwisho, Mama alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, sufuria ndogo mikononi.

"Hizi za kumi na nne napeleka mwenyewe."

"Acha, nitazipeleka. Umechoka."

"Nimesema napeleka. Nataka nikione kilichokula Krismasi yangu."

Nilimfuata. Nilijaribu maneno yote. Kwamba njia ina utelezi, kwamba Doña Eufemia amelala, kwamba tungoje kesho, kesho tu, Mama, nakuomba. Aligeuka.

"Kesho kuna nini?"

Nikatazama matope. Akaongeza mwendo.

Alibisha kwa kiwiko, mikono ina sufuria. Doña Eufemia alifungua kiasi kile kile cha uso. Wanawake wawili waliokua pamoja, wakabatizwa kanisa moja, wakatazamana kupitia upenyo wa kiganja.

"Nimekuletea chakula, Eufemia."

"Migdalia. Mungu akulipe. Nipe, nitapokea hapahapa."

"Sufuria ina moto. Nipishe niiweke mezani."

"Nipe tu hapa."

Mvua ilikuwa imekatika dakika ileile. Sijui kwa nini ilichagua dakika ile. Baada ya siku tisa za kelele juu ya bati, Monte Jobo ikawa kimya kabisa, na kutoka chumba cha nyuma, kupitia mlango ulio wazi kiganja kimoja, ikasikika. Ikapuliza na kuvuta. Ikapuliza na kuvuta.

Mama yangu alilala kando ya sauti ile miaka mitatu, kitanda chake na cha bibi vikiwa vimegusana. Aliijua kama mtu anavyojua nyayo za mtu wa nyumbani kwake.

"Nani anapumua humo?" aliuliza.

Doña Eufemia alinitazama mimi. Nikapita katikati yao, nikasimama mgongo ukigusa mlango.

"Zoraida. Nani anapumua humo?"

"Mtu mgonjwa, Mama."

"Mgonjwa gani? Eufemia hana ndugu. Hana mume. Ana..."

Hakumaliza. Niliona jibu linakuja usoni mwake peke yake, bila mtu kulileta. Lilianzia machoni, likashuka, likafika mdomoni likakaa.

"Sema si yeye," aliniambia. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Sema tu si yeye, nami narudi nyumbani. Friza nimesamehe. Ruba nimesamehe. Sema."

Ilikuwa rahisi. Maneno mawili. Ningesema si yeye, ningempata mama yangu tena jioni ile. Lakini huo ungekuwa uongo, na angekuja kuujua kesho. Ningesema ndiye, ningekuwa nimevunja neno nililompa mama mwingine, aliyekuwa nyuma yangu, ambaye nilisikia vidole vyake vikishika shati langu mgongoni.

"Nimeahidi, Mama."

"Umemwahidi nani? Umeahidi nini? Mimi ndiye niliyemshika! Wewe ulikuwa unapepea na boksi, mimi ndiye niliyemshika!"

"Najua."

"Na umempa pasteles zangu apumue."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Hicho ndicho nilichokuwa nimeahidi, na nilikifanya huku namtazama mama yangu usoni, na sitamani mtu mwingine yeyote akifanye.

Alinitazama mpaka alipomaliza. Kisha akainama, akaiweka sufuria juu ya ngazi kwa uangalifu, asimwage hata tone. Akafuta mikono kwenye sketi. Nilidhani atanipiga. Nilidhani ataita watu, na Chago alikuwa nyumba ya tatu tu, baraza lake tunaliona, yeye akiwa amekaa anakula.

Hakuita. Alikaa kwenye ngazi ya Doña Eufemia, magoti pamoja, akatazama barabara.

"Nyanyuka, Mama. Twende nyumbani."

"Nitakaa hapa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakaponyamaza."

Nilikaa na mimi, si kando yake, bali nyuma yake, mgongo wangu umeegemea ule mlango, ili yeyote atakayetaka kuingia aanze na mimi. Chini barabarani Chago alikuwa amesimama, ameacha kula, anatutazama.